Kinachobaki Njiani Faili Zinapohama



Maelezo rasmi ya lugha ya Python yana onyo ambalo wengi hulipita mbio. Limewekwa juu kabisa ya ukurasa wa shutil, maktaba ya kunakili faili na folda, nalo linasema wazi kwamba hata amri zake zilizo makini zaidi, copy na copy2, haziwezi kuchukua kila taarifa iliyoambatana na faili. Kwenye Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, mmiliki wa faili na kikundi chake hupotea, pamoja na orodha za ruhusa. Kwenye Windows hupotea mmiliki, orodha za ruhusa, na zile data za pembeni ambazo mfumo huo huruhusu zibandikwe kwenye faili bila kuonekana. Mac nayo ina vya kwake vinavyoachwa.

Nalipenda sana onyo hilo. Limeandikwa na watu wanaoijua kazi yao, nao hawakuificha mipaka ya kazi hiyo; wameiweka mlangoni. Ninalotaka kulitetea leo ni hili: programu ya kunakili hufanya kazi kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Mwenye picha za harusi, mwenye hati ya kiwanja, mwenye sauti ya marehemu babu yake iliyorekodiwa, hajui kinachotendeka ndani. Ameona neno "Imekamilika", akaamini, pengine akafuta faili za awali ili apate nafasi. Sisi tulioandika programu hiyo tuna deni kwake. Ni juu yetu kujua nini hakikufika, na kumwambia.

Niondoe kwanza lililo jepesi. Yaliyomo ndani ya faili ni mfululizo wa baiti, na baiti ni ile ile iwe Linux, Windows au Mac. Mradi faili ifunguliwe kama baiti tupu. Ukiifungua kama maandishi kwenye Windows, alama za mwisho wa mstari zinaweza kubadilishwa ukiwa huna habari, na picha ikaharibika kwa sababu hiyo tu. Likishajulikana hilo, limekwisha. Taabu iko kwenye vinavyoizunguka faili: jina lake, mahali pake, tarehe zake, ruhusa zake na viungo vyake.

Basi tuanze na jina, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu hapo ndipo nakala nyingi hufia bila kilio.

Chukueni mfano ambao kila mmoja wenu anaweza kuujaribu leo usiku: msimbo wa kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Ni mti mmoja wa folda wenye makumi ya maelfu ya faili. Katika sehemu ya netfilter mna faili iitwayo xt_MARK.h, na pembeni yake nyingine iitwayo xt_mark.h. Kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti, kila moja na yaliyomo yake. Windows na Mac, kwa mpangilio wao wa kawaida, hutunza herufi jinsi ulivyoziandika, lakini zinapotafuta faili hazitofautishi kubwa na ndogo. Programu isiyouliza itaandika ya kwanza, kisha itaandika ya pili juu yake, halafu itahesabu faili mbili kuwa zimefika. Hakuna hitilafu iliyotokea. Kila amri imejibu kwamba mambo ni sawa. Faili moja imetoweka. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, siku hizi hutoa onyo inapokutana na majina ya namna hiyo, na hiyo ndiyo adabu ninayoizungumzia. Programu ndogo tunazojiandikia wenyewe aghalabu hazina hata hilo.

Katika mti huo huo, ndani ya kiendeshi cha kadi za Nvidia, mna faili iitwayo aux.c. Jina la kawaida kabisa, fupi, halina alama yoyote ya ajabu. Windows kwa miaka mingi imekataa kuunda faili yenye jina hilo, na sababu yake ni ya mwaka 1981. Toleo la kwanza la DOS, lililorithi mengi kutoka mfumo wa CP/M, halikuwa na folda hata moja. Vifaa vilipewa majina kana kwamba ni faili: CON kwa kibodi na skrini, PRN kwa printa, AUX kwa mlango wa ziada, NUL kwa data ya kutupwa. Folda zilipoingia na DOS 2.0 mwaka 1983, majina hayo yaliachwa yafanye kazi ndani ya kila folda ili programu za zamani zisivunjike, na yamebaki hapo tangu siku hizo. Mwaka huo huo ndio uliotuachia ugomvi wa mikwaju. Alama ya / ilikuwa tayari inatumika kwenye DOS kuashiria chaguo za amri, kwa hiyo folda zikatenganishwa kwa \, wakati Unix ilikuwa tayari ikitumia /. Ndiyo maana mtu makini haungi njia za faili kwa kujumlisha vipande vya maandishi. Anaiachia kazi hiyo maktaba kama pathlib, iliyoingia Python mwaka 2014.

Alama ya nukta mbili ni hatari kuliko mkwaju, kwa sababu yenyewe haikatai waziwazi. Linux inakubali faili iitwe "Kikao 10:30.txt". Programu ya Python ikiendeshwa kwenye Windows na kujaribu kuandika jina hilo kwenye diski ya NTFS, yaani diski ya kawaida ya Windows, amri inafaulu. Ukiifungua folda unakuta faili iitwayo "Kikao 10", ukubwa wake baiti sifuri. Maandishi yote ya kikao yameingia kwenye data ya pembeni iliyopewa jina "30.txt", kwa sababu kwa NTFS nukta mbili ndiyo alama ya kutaja data ya pembeni. Hayajapotea, lakini ni katibu gani wa kikao atakayejua kuyatafuta huko? Na akiihamisha faili hiyo kwenye flashi ya kawaida, ambayo haina sehemu ya kuwekea data za pembeni, hapo yatakuwa yamepotea kweli.

Sasa nije nyumbani, kwenye herufi yetu wenyewe. Kiswahili huandika ng' kwa alama ndogo ya ritifaa, na alama hiyo hiyo, kwa ganda la amri la Linux na la Mac, yaani programu inayopokea amri zilizoandikwa, ni alama ya kufungua na kufunga nukuu. Tuseme mtu ana faili mbili, moja Ng'ombe.docx na nyingine Ng'ambo.docx, ya pili ikiwa ni historia ya mitaa ile ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe. Programu yake inanakili kwa kuunga maandishi na kuyatuma kwenye ganda:

cp Ng'ombe.docx Ng'ambo.docx /media/flashi

Ganda linaiona ritifaa ya kwanza na kufungua nukuu. Linasoma mpaka linakutana na ya pili, linafunga. Kila kilichokuwa katikati, pamoja na nafasi, ni kitu kimoja. Amri ya cp inapokea jina moja refu, "Ngombe.docx Ngambo.docx", inalitafuta, hailioni, inalalamika kwamba hakuna faili ya jina hilo. Kama faili ingekuwa moja tu, nukuu ingefunguka isifungwe kamwe, na ganda lingekataa amri nzima. Programu hiyo hiyo ikitumia amri ya copy kwenye dirisha la cmd la Windows, faili moja moja, inafanya kazi vizuri, kwa kuwa cmd haiijali ritifaa. Kwa hiyo mwandishi aliyeijaribu kwenye Windows peke yake ataapa kwamba programu yake haina kasoro.

Dawa yake inajulikana: usipitie kwenye ganda. Tumia amri ya kunakili ya lugha yenyewe, au kama ni lazima uite programu nyingine, ipe majina kama orodha, kila jina peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi tunavyojifunzia vimeandikwa na watu ambao majina ya faili zao hayana ritifaa, na mifano yao hufaulu mezani kwao. Kwetu, ng'ombe, ng'ambo, king'ora na Lang'ata ni maneno ya kila siku. Programu inayoshindwa na ng' haijawa tayari kutumika Afrika Mashariki.

Kuna na la pili juu ya alama hiyo. Programu za kuandikia barua hupenda kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Mtu akinakili kichwa cha waraka na kukibandika kuwa jina la faili, anapata Ng’ombe yenye alama ya baiti tatu badala ya moja. Kwa macho ni jina lile lile. Kwa mfumo ni faili mbili tofauti, na programu inayolinganisha folda mbili itasema moja imepungua na nyingine imezidi. Wenzetu wa Kongo wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa wana shida ya jamii hiyo hiyo kwenye herufi é. Yunikodi inaruhusu iandikwe kama herufi moja, au kama e ikifuatiwa na alama ya mkazo. Diski za Mac za zamani, za HFS+, zilihifadhi majina kwa namna ya pili. APFS, mpangilio mpya wa diski za Mac uliokuja mwaka 2017, hulitunza jina kama lilivyoandikwa. Linux haijali, inaona baiti tu. Faili ikitoka kwenye Mac ya zamani kwenda Linux, jina linaonekana sawasawa kwenye skrini, ila ukiliandika kwa kibodi yako huipati. Anayelinganisha majina kati ya mifumo sharti kwanza ayalete yote kwenye namna moja ya kuandika.

Tarehe nazo husafiri vibaya. Flashi nyingi huja zikiwa zimeandaliwa kwa FAT32, na mfumo huo huhifadhi saa ya kubadilishwa kwa faili kwa hatua za sekunde mbili mbili. NTFS hupima kwa vipande vya nanosekunde 100. Kwa hiyo faili ikienda kwenye flashi na kurudi, saa yake haiwi ile ile, na programu inayonakili vilivyobadilika tu itadhani kila kitu kimebadilika. Ndiyo sababu robocopy, amri ya kunakili ya Windows, ina chaguo la /FFT, na rsync, ya mifumo ya Unix, ina --modify-window. Zote mbili huiambia programu ivumilie tofauti hiyo ndogo.

Kubwa zaidi ni kwamba FAT32 huandika saa ya mahali ulipo bila kutaja ni mahali gani. Tufuate safari moja. Mtu yuko Unguja, amerekebisha orodha ya ukoo wao na kuihifadhi kwenye flashi saa nne kamili asubuhi. Ndugu yake wa Muscat, ambako saa imetangulia kwa saa moja, ana nakala yake aliyoigusa saa nne na nusu kwa saa ya Muscat. Yaani kwa saa ya Unguja ilikuwa saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya ile ya Unguja. Flashi inafika Muscat. Kompyuta ya huko inasoma saa nne na kuichukulia kuwa saa nne ya Muscat. Programu ya "nakili iliyo mpya zaidi" inaona nne na nusu dhidi ya nne, inaamua ya Muscat ndiyo mpya, na kuiacha ile ya Unguja. Majina ya watoto waliozaliwa mwaka huu hayaingii kwenye orodha, na hakuna atakayejua mpaka mtu ayatafute. Ushauri wangu ni kwamba flashi ikiwemo njiani, saa isiwe shahidi wa pekee. Linganisha yaliyomo.

Ruhusa sitazikalia sana. FAT32 haina mahali pa kuziandika, basi. Hati ya amri iliyokuwa na ruhusa ya kuendeshwa Linux itahitaji kupewa ruhusa hiyo upya ikirudi. Anayetaka vyote visafiri afunge folda nzima kwenye faili moja ya tar kabla haijapita kwenye flashi, akikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4.

Turudi kwenye folda, maana folda zina tabia zake. Andika cp -r picha nakala mara ya kwanza, wakati nakala haipo, na utapata folda nakala iliyo sawa na picha. Rudia amri ile ile bila kubadilisha chochote. Safari hii nakala ipo tayari, kwa hiyo cp inaweka picha ndani yake, nawe una nakala/picha. Amri moja, matokeo mawili, kutegemea kilichokuwepo kabla. Amri ya rsync huamua kwa mkwaju ulioko mwishoni mwa jina la chanzo: picha/ maana yake yaliyomo, picha bila mkwaju maana yake folda yenyewe. Xcopy humuuliza mtu kama anakusudia faili au folda, na programu inayojiendesha usiku haina mtu wa kuuliza. Python kwa upande wake, kwa amri ya copytree, hukataa kabisa ikiikuta folda ya mwisho ipo, na mpaka toleo la 3.8 la mwaka 2019 hapakuwa na chaguo la kuiruhusu iendelee. Mimi naona kukataa huko ni busara. Hakuna jibu moja sahihi. Kuna jibu ulilolichagua na kuliandika, na kuna lililokuangukia.

Viungo vya ishara, yaani faili zinazoelekeza tu kwenye faili au folda nyingine, ni hivyo hivyo: unakili kiungo, au unakili kile kinachoelekezwa? Ukinakili kiungo, huenda kule kinakoelekea hakupo kwenye kompyuta mpya, na Windows kwa kawaida haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuunda kiungo bila kibali maalumu. Ukifuata kiungo, na kikawa kinaelekea kwenye folda mama, programu itazunguka ikinakili folda zile zile mpaka mfumo uikatalie.

Msishangae basi kwamba lugha zenyewe zilichelewa. Java ilipata amri ya kawaida ya kunakili faili mwaka 2011, katika toleo la 7. Kabla ya hapo wengi walijiandikia kitanzi chao cha kusoma na kuandika. C++ ilisubiri hadi kanuni za mwaka 2017. Go ilipata amri ya kunakili mti mzima wa folda mwaka 2024. Kila chaguo-msingi ambalo lugha italiweka ni ahadi mbele ya mamilioni ya watu.

Limebaki la kukatika katikati. Umeme unakatika, flashi inachomolewa, nafasi inajaa. Programu iliyokuwa ikiandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho inaacha faili yenye jina sahihi na nusu ya maudhui, na mpita njia hana namna ya kujua. Andika kwanza kwenye jina la muda ndani ya folda ile ile, uamuru mfumo usukume data hadi diskini, kisha ubadilishe jina. Kwenye Unix kubadilisha jina hufuta la zamani na kuweka jipya kwa tendo moja. Kwenye Windows, os.rename ya Python hukataa kama jina lipo, na ndiyo maana mwaka 2012 iliongezwa os.replace, inayolibadilisha kote.

Kisha soma ulichokiandika. Piga hesabu ya alama ya SHA-256, namba inayotokana na baiti zote za faili, ya faili ya kwanza na ya nakala, ulinganishe. Watunza nyaraka wanayo njia nzuri iitwayo BagIt, iliyokuzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na wenzao wa California na kuchapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8493: folda inasafiri na orodha ya faili zake zote, kila moja na alama yake, na anayepokea anaweza kuhakiki bila kumpigia simu aliyetuma. Lakini angalieni. Ukihakiki papo hapo, mfumo unaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ambako data bado iko, na si kutoka kwenye flashi. Itoe flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo usome.

Na msiamini namba ya kumalizia bila kujua maana yake. Programu nyingi hurudisha sifuri zikifaulu. Robocopy hurudisha 1 ikinakili faili vizuri, na sifuri ikiwa hapakuwa na cha kunakili. Kushindwa kunaanzia 8. Hati ya amri isiyojua hilo itapiga kelele siku ya mafanikio.

Kwa vijana mtakaokwenda kuandika programu ya namna hii wiki ijayo, tengenezeni folda ya kujaribia kwenye Linux. Wekeni ndani yake Ng'ombe.docx yenye ritifaa iliyonyooka na nyingine yenye iliyopinda, Ripoti.txt na ripoti.txt, aux.c, Kikao 10:30.txt, folda tupu isiyo na kitu, faili ya baiti sifuri, kiungo kinachoelekea kwenye folda mama, na faili inayozidi gigabaiti 4. Iendesheni programu yenu kutoka Linux kwenda Windows, kutoka Mac kwenda kwenye flashi, na kurudi. Baadhi ya vitu havitafika, na haiwezekani vifike. Programu iliyo tayari kukabidhiwa kwa watu ni ile inayoacha ndani ya nakala faili ya maandishi, kwa Kiswahili anachokisoma mwenye mali, yenye mstari kwa kila kilichobaki: "ripoti.txt haikuandikwa, diski hii hailitofautishi jina lake na Ripoti.txt. Usifute ya awali."